Mama Ameenda Zambia

Mama alizikwa siku ya Jumatano, na mtoto wake wa kwanza alikuwa kijijini Isansa akipukuchua mahindi. Hakujua. Mimi ndiye niliyemfungia nguo zake kwenye kanga, nikamtafutia nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua kahawa, nikamwambia anakwenda kumsaidia mke wa binamu yetu aliyekuwa ametoka kujifungua. Akafurahi sana. Alipenda watoto wachanga kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alinipungia mkono mpaka pikapu ikapinda kona, nami nikarudi ndani kupanga mahali pa kumlaza mama.

Huyo mtoto wa kwanza ni dada yangu. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, akachelewa kukaa, akachelewa kusema, na akili yake ikabaki inakwenda kwa mwendo wake. Mtaani walimwita zezeta. Wenye adabu walisema ni mgonjwa, neno ambalo lilinikera zaidi, maana dada hakuwahi kuumwa hata mafua. Mgonjwa nilikuwa mimi, niliyelazwa kwa malaria kila masika. Aliandikishwa darasa la kwanza akakaa hapo hapo mpaka wadogo zake tukamkuta na kumpita, kisha mwalimu akasema ni heri abaki nyumbani asaidie kazi. Akasaidia. Alifagia, aliteka maji, aliosha vyombo vikang'aa, na kanisani aliimba kwa sauti iliyokuwa inamaliza wimbo baada ya wenzake wote kunyamaza.

Mama alikuwa na namna yake ya kuzungumza naye, na alijaribu kutufundisha.

"Mwambie pole pole," alikuwa akisema. "Mwambie mara mbili, halafu usubiri. Wewe majibu yako yanakuja kwa basi, ya mwenzako yanakuja kwa miguu. Lakini yanafika."

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na dada alikuwa mtu wa kukuuliza jambo lile lile mpaka ukome. Tukitumwa dukani pamoja nilitangulia mbele, nikaongeza hatua, ili watu wasijue kwamba yule anayekuja nyuma akiita jina langu ni wa kwetu. Na nilipopata mchumba, kijana wa watu wa Itumba aliyekuwa na kazi yake ya maana, nilimwambia kwamba mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilijua tu kwamba wazee wa upande wa mume huuliza habari za ukoo kabla ya kutoa kitu: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu? Nikaona nisiwape kazi ya kuuliza.

Basi mama alipofariki, baba mdogo aliitisha kikao kifupi uani, kabla mwili haujafika. Mama alikuwa mfanyabiashara wa mchele hapa kwetu Tunduma, mpakani mwa Zambia. Aliuchukua kwa wakulima wa bondeni, akauvusha mpakani kwenda kuuza Nakonde, upande wa pili, akarudi na vitenge. Huko huko Nakonde sokoni presha ilimpanda, akaanguka, akapelekwa hospitali, hakuamka. Mwanamke wa Kibemba aliyekuwa akiuza naye meza moja ndiye aliyekaa na maiti mpaka ndugu walipokwenda kuichukua.

"Huyu mkubwa tumfanyeje?" baba mdogo aliuliza, akimaanisha dada, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akiimba. "Watu watatoka Mbeya, watatoka Isoka. Wakwe wa huyu bibi harusi wetu nao wanakuja. Akianza makelele yake pale kaburini, tutaficha wapi nyuso?"

Baba alikuwepo. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri gari. Baba mdogo akaendelea kwamba hata tukimwambia, hataelewa, tutamsumbua bure. Kwa nini mtoto wa watu aumie kwa jambo ambalo hawezi kulielewa? Ilisikika kama huruma. Nikaishika ile huruma kwa mikono miwili, nikasema nitamtafutia gari la Isansa.

Kaburini, mchungaji alipomaliza kuomba, alisema watoto wa marehemu waje kuweka udongo, na kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayeanza. "Mtoto wa kwanza," akaita. Nikatangulia mimi. Wakwe zangu walikuwa wamesimama upande wa kichwani, nikawaona wakitikisa vichwa kwa heshima. Yule mama wa Nakonde alikuwepo pia, na kitenge chake cheusi, akitazama huku na huku katikati ya watu kana kwamba kuna mtu anamtafuta. Tulipotazamana nikainamisha uso. Niliona aibu, sitaki kusema uongo. Lakini ilikuwa aibu ndogo, ya kupita, ambayo mtu anaifuta pamoja na machozi na hakuna anayejua kipi ni kipi.

Tulipomaliza kuanua matanga nikamfuata dada kule Isansa. Alipoingia tu nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akatoka.

"Mama yuko wapi?"

Wote walikuwepo: baba, baba mdogo, wadogo zangu wawili. Wote wakanitazama mimi.

"Mama ameenda Zambia," nikasema.

Hata sikufikiri. Tunduma mtu akiulizwa na hayupo nyumbani, jibu ni hilo: ameenda Zambia. Watu wanakwenda Zambia kununua sukari, kumwona shangazi, kunyoa nywele. Mama mwenyewe alikuwa akiondoka hivyo kila wiki, na dada alimwona kwa macho yake akiondoka mara ile ya mwisho na gunia la mchele kwenye mkokoteni. Kwa hiyo nilichomwambia kilikuwa kweli iliyokatwa mkia. Dada akasema, "Haya," akaenda kuwasha moto. Baba mdogo akapumua, akanipiga bega. Akasema nina akili.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, ukivuka barabara umefika, na hilo ndilo lililoniponza.

Maana dada alianza kungoja. Kila alasiri alioga, akajipaka mafuta, akaenda kukaa kwenye jiwe pale njia yetu inapoungana na barabara kubwa ya malori, mahali mama alipokuwa akitokea na furushi kichwani ili dada ampokee. Alikaa hapo mpaka giza likaribie. Jikoni akipakua chakula alitoa na sahani ya mama, akaifunika, akaiweka kabatini. Asubuhi akakila kile kiporo mwenyewe, jioni akapakua kingine. Sote tulikuwa tunaiona ile sahani.

Na kila siku alikuja kwangu, si kwa mwingine. "Mama anarudi lini?" Mwanzoni nilisema wiki ijayo. Halafu nikasema mchele haujaisha. Halafu nikasema ameenda mbele, Kasama, kule ni mbali. Halafu, mvua zikikatika. Dada aliyapokea majibu yote, akayakusanya, na mvua zilipokatika akaja kunikumbusha. Aliyesema hana kumbukumbu nani? Nilimfokea mbele ya majirani, nikamwambia aache kunitia kichaa, mama akirudi atamwona. Majirani nao walikuwa wameshaingia katika kazi ile. Wakimpita pale kwenye jiwe walimwambia, "Mama anakusalimu, nimemwona Nakonde." Wengine kwa huruma, wengine kwa kutaniana. Hata watoto wadogo walijua hawapaswi kusema. Mtaa mzima ulikuwa unamlinda dada asijue kitu ambacho mtaa mzima unakijua, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye mradi.

Siku moja hakukaa kwenye jiwe. Mdogo wangu alimwona akielekea upande wa mpaka, na kanga yake ya Jumapili, akadhani ametumwa. Ilipofika saa kumi na moja hajarudi, nikatoka kumtafuta. Sisi wenyeji tunajua pa kupita. Pana njia katikati ya nyumba ambazo askari hana habari nazo, na dada alizipita na mama tangu alipokuwa mdogo. Upande wa pili kuna malori, walevi, watu wasiokuwa wenyeji wa pande zote mbili. Nilikimbia. Nilivuka bila hata kanga ya kichwani. Nikauliza kwa wabadili fedha, nikauliza kwa wasukuma mikokoteni, nikajikuta naeleza, "Ni dada yangu, ni mkubwa wangu, ana matatizo ya akili," kwa sauti kubwa katikati ya soko, mimi niliyekuwa nikimkimbia njiani ili nisionekane naye.

Nilimkuta kwenye meza ya mchele ya mama. Hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa amekaa chini juu ya gunia, miguu ameinyoosha, kichwani amefungwa kitambaa cheusi, na yule mama wa Kibemba amekaa pembeni yake amemshika mkono. Meza ilikuwa haina mtu wa kuuza. Wateja walikuja, wakaona, wakapita.

"Umekuja," yule mama akaniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile kilinitosha. "Mwanangu huyu amefika mchana. Ameniuliza, 'Mama yuko wapi, nimekuja kumbebea mzigo.' Mimi nikasema, mzigo gani? Nikafikiri labda ni huzuni, watu wengine huzuni inawarudisha nyuma. Nikamwambia, mama amekufa, mwana wandi, mwanangu, si ulizika? Akasema, 'Sikuzika.'"

Nikaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika mezani.

"Awe," akasema, akitikisa kichwa. "Awe, awe. Hapana. Pale kaburini nilimtafuta. Nikasema labda anaumwa, wamemlaza ndani. Kumbe mlimficha? Mama yako hapa mezani kila siku, huyu, huyu, huyu. Nikirudi nitamwambia hivi, nitampelekea hiki. Sasa nyinyi mmemfanya angoje?"

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejibu, kutukanana najua. Nilisimama pale mbele ya meza ya mama yangu na uso unawaka, na wauza dagaa wa meza ya pili wananitazama. Ile huruma ya baba mdogo niliitafuta niitamke, kwamba hangeelewa. Lakini aliyekuwa hangeelewa alikuwa amekaa chini mbele yangu, amefungwa kitambaa cheusi, analia kimya kimya kama mtu mzima yeyote aliyefiwa na mama yake.

Tulirudi kwa miguu. Nikamnunulia soda. Dada yangu ametoka kuambiwa kwamba mama yake amekufa, na mimi nikamnunulia soda. Aliishika chupa mkononi mpaka nyumbani hajainywa.

Alipofika alianza na baba. Alisimama mbele yake.

"Ulijua?"

Baba akafuta macho kwa kiganja. Akasema ndiyo, mama, nilijua. Dada akaenda kwa mdogo wetu wa kike: "Ulijua?" Akaenda kwa wa kiume. Akatoka mpaka kwa jirani wa upande wa kushoto, mama mmoja mnene mpole ambaye hajawahi kumdhihaki: "Ulijua?" Wote walijua. Baba mdogo alipokuja jioni akakutana na swali lile lile mlangoni, akacheka cheko la kukosa mahali pa kujiweka, akasema, "Nani amemwambia?" Kwangu alikuja mwisho. Alinitazama muda mrefu, lakini hakuniuliza. Akaenda kulala.

Ningetamani kusema kwamba siku iliyofuata tulikaa naye tukamweleza. Hatukukaa. Baba mdogo alisema jambo lenyewe limeshajulikana, tusilichokonoe. Sahani ya mama haikupakuliwa tena, kwenye jiwe hakwenda tena, nasi tukachukulia kwamba yameisha. Uchumba wangu nao ulikuja kuvunjika, si kwa sababu ya dada. Kijana alipata mwingine huko huko Itumba. Nilikuwa nimemficha ndugu yangu kwa ajili ya watu ambao hata hawakuja kuwa wakwe. Mimi nikarithi meza ya mama, nikawa muuza mchele.

Mwaka uliofuata, msimu wa mavuno ulipoanza, ikanibidi niende bondeni, upande wa Chitete, kutafuta mchele kwa wafugaji waliohamia kule na kulima mpunga. Barabara ni mbaya, na mtu akienda hulala. Asubuhi nilimwambia dada.

"Nasafiri. Naenda Chitete. Kesho kutwa narudi."

Alikuwa anaosha sufuria. Akasimama, maji yakimchuruzika mikononi. Hakusema "Haya." Nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linapiga honi, nikaondoka.

Gari liliharibika njiani, nikachelewa siku moja. Niliporudi, mchana, niliona kutoka mbali watu wamejaa nyumbani kwetu. Nikafikiri msiba ni wa baba. Nikaingia uani. Viti vyote vilikuwa vimetolewa nje, na meza, na kabati la vyombo limesukumwa ukutani. Sebuleni imetandikwa mikeka. Katikati ya ua pamewashwa gogo, moto wa msiba. Dada amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kanga kiunoni, kitambaa cheusi kichwani, na majirani wanawake wamekaa naye, wengine wakijiziba midomo wasicheke, wengine hawacheki. Baba alikuwa kanisani kwenye kikao cha wazee, hana habari. Yule jirani mnene akainuka kuja kunipokea.

"Usimkasirikie," akaninong'oneza. "Tangu jana uliposhindwa kurudi. Ametoa vitu vyote mwenyewe. Alikuja kuniita, akasema, 'Mdogo wangu amesafiri, njoo tukae.' Sasa ningefanyaje? Nimekuja nimekaa."

Ndipo nilipoelewa nimemfundisha nini. Kila kitu cha msiba alikifahamu: vitu vinatolewa, mikeka inatandikwa, moto hauzimwi, majirani wanaitwa. Mama alikuwa akienda naye kuwalilia watu tangu utotoni. Alikuwa amenifanyia mimi, vizuri bila kosa, yale yote ambayo sisi hatukumruhusu amfanyie mama yetu. Kwa sababu kwa mdomo wangu mwenyewe alijifunza kwamba aliyesafiri amekufa, ila watu hawapendi kusema.

Aliniona. Akainuka taratibu, akaja, akanishika mkono, akaubonyeza kama mtu anayepima embe. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sistahili. Halafu akatazama nyuma yangu, kwenye njia, akaendelea kutazama.

"Umerudi," akasema. "Na mama?"

Wale waliokuwa wakicheka wakaacha.

Tangu mama afe sikuwa nimelitamka mbele yake neno lile. Aliyelitamka alikuwa mgeni, ng'ambo, sokoni. Nilimshika dada tukakaa chini kwenye mkeka, mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu, na mavumbi ya Chitete bado yako miguuni. Nikasema pole pole. Mama amekufa. Mama hakuenda Zambia akabaki. Alirudi amekufa, tukamzika hapa Tunduma, na wewe ulikuwa Isansa, nilikupeleka mimi ili usionekane. Mimi nilisafiri kweli na nimerudi. Mama harudi. Nikasema mara ya pili, maneno yale yale, mbele ya watu waliokuja kuangalia kichekesho. Kisha nikasubiri.

Nilisubiri sana. Moto ulipasuka, mtu akasogeza gogo. Dada alikuwa akinitazama mdomoni, mahali maneno yalipotokea, kwa uangalifu, kama mtu anayekagua noti ya ng'ambo asiyoifahamu. Mwishowe akaachia mkono wangu, akamgeukia jirani.

"Ni kweli anayosema?"

Jirani akanitazama kwanza mimi, kisha akamtazama yeye.

"Ni kweli, mwanangu," akasema.

Ndipo dada akaanza kumlilia mama.